Mpishi wa Mifupani

Nilipoambiwa nina saratani ya damu, mama mkubwa alikuja kwangu Usagara kutoka Maramba na kapu la matembele. Hata shikamoo yangu hakuisubiri, akaanza kunipapasa shingo, kwapa na tumbo.

"Uvimbe wenyewe uko wapi?"

Kila aliyekuja kunijulia hali alitaka kuonyeshwa uvimbe, nami nilishachoka kubonyezwa kama papai sokoni. Nikamjibu kwa ukali kwamba ugonjwa huu uko kwenye damu, haukukaa mahali pamoja.

Akanuna. Nikaona nimweleze kwa kazi yake, maana huko kwao yeye ndiye mpikaji wa pilau za harusi. Nikamwambia damu hupikwa ndani ya mifupa. Kwangu mpishi kaharibikiwa, anapakua chembe nyeupe ambazo hazijaiva, sinia juu ya sinia, mpaka chakula kilichoiva kinakosa pa kuwekwa. Ndiyo maana nachoka, na pua inatoka damu ovyo.

Mama mkubwa akashika kiuno. "Mpishi gani huyo? Si afukuzwe!"

"Ndiyo kazi ya dawa ninazotundikiwa hospitali."

Aliridhika, ila matembele alinisimamia mpaka nikayamaliza.

Nywele zilinyonyoka, zikaota tena. Majibu yalipotoka mazuri nikampigia simu. Hakuuliza habari za majibu.

"Jikoni kukoje?"

"Wali umeiva, mama."

Alipiga kigelegele nikasogeza simu mbali na sikio, kisha akanifokea, "Lakini huyo mpishi mpya usimpe mgongo. Kliniki uende!"