Foleni Mbili za Hulda

Hulda Sanga alikuwa fundi wa kompyuta kwenye ghala la baridi la parachichi pale Makambako, na msimu ule wa mavuno nusura umtie aibu. Kabla lori halijashusha mzigo, kompyuta ilipaswa kutoa historia ya kila shamba: dawa zilizopulizwa na ukaguzi uliofanyika. Taarifa za mwaka huu zilikaa kwenye diski mpya ya kasi. Za miaka ya nyuma zilikuwa kwenye diski ya zamani, nzito kweli kweli.

Asubuhi moja malori ya Njombe, Igwachanya na Lugarawa yaliingia kwa mkupuo. Makarani wakauliza wote kwa pamoja, kompyuta ikaganda.

"Kamwene, dada Hulda!" Vitus, dereva wa Lugarawa, alisalimia kwa sauti dirishani. "Parachichi zangu ziivie hapa getini?"

Meneja Laurenti akashauri, "Ruhusu swali moja moja."

Hulda akajaribu. Kompyuta ikazinduka, lakini swali moja la miaka ya nyuma likayazuia yote yaliyolifuata. Akaitazama diski ya kasi: ilikuwa imekaa bure, inaingoja ile ya zamani. Hapo akaelewa.

"Bosi, tatizo ni kwamba maswali yote tumeyachanganya. Hii ya zamani ukiipa kazi nyingi inahangaika huku na huku, haimalizi hata moja. Ile mpya haijali wingi."

Akatenga foleni mbili. Maswali ya mwaka huu akayaachia yaende mengi kwa pamoja. Ya zamani akayapa zamu, machache machache. Swali lililohitaji diski zote mbili lilianza kwenye ile ya kasi, kisha likayapisha mengine huku likingoja zamu yake kwenye ya zamani.

Akaiwasha kompyuta upya. Majibu yakaanza kumiminika. Geti likafunguliwa, Vitus akapita akipiga honi mpaka ndani.

"Kwenye ghala la Njombe nako wanalia hivyo hivyo," Laurenti akasema. "Kesho nenda ukawapangie."

"Si wana mafundi wao?"

"Ndio hao waliokuomba."

Jioni Hulda alimpigia simu baba yake, mzee Yoramu, kule Makete. Alieleza mpaka pumzi ikamwishia.

"Mwanangu, hayo ya diski yamenipita," mzee alisema. "Ila hiyo sauti yako naielewa. Hebu nisimulie tena, mama yako naye asikie."

Hulda akacheka, akavuta kiti, akaanza upya, safari hii taratibu.