Walisema watu wa mashambani hawana saa ya kumeza dawa. Nikawatolea kadi ya dadangu

Wakuu, salamu kutoka Naro Moru, huku Mlima Kenya umejifunika mawingu tangu asubuhi na chai inapoa kabla ufike nusu kikombe.

Hii nitaeleza vile ilikuwa, hata mahali nilikosea mimi mwenyewe. Majina tu ndio nimebadilisha.

Ni miaka ya tisini. Nilikuwa kijana wa kubebea watalii mizigo mlimani, shule niliachia darasa la nane, lakini ndoto nilikuwa nazo za kutosha kijiji mzima. Nilikuwa nimejiambia siku moja nitakuwa guide mkuu, niko na kofia yangu na watu wananiita kwa jina.

Dadangu Wangechi ndiye alinilea. Alikuwa na ng'ombe mbili, na kila asubuhi lori ya maziwa ya society, ule ushirika wa wafugaji, ilimkuta barabarani na mtungi wake. Ile lori haingoji mtu. Ukichelewa, unarudi nyumbani na maziwa yako.

Basi akaanza kukonda. Akakohoa mpaka majirani wakaanza kumtengea kikombe chake.

Wakati huo huo, mradi fulani wa wafadhili uliletea vijana wa kanisa rangi na brashi. Kazi: mchore mabango ya ukimwi. Mimi mkono wangu ulikuwa mzuri, nikachora fuvu na mifupa, macho mashimo, chini nikaandika UKIMWI NI KIFO. Wakalisimamisha bango langu kando ya dispensary. Nilitembea wiki mzima kifua mbele.

Wangechi akapita hapo akienda kliniki. Akaniita.

"Ndirangu, huyu umechora ni nani?"

"Si ni ukimwi."

"Ati? Mimi nilidhani umenichora mimi." Halafu akacheka, akashika mbavu akikohoa. "Hata umeninyima meno ya mbele."

Wakuu, alicheka yeye. Mimi sikucheka. Ndio nikajua alikuwa amepimwa, na anao.

Huko hospitali ya Nyeri waliona kwanza ana TB. Hiyo iko na dawa, wakamwanzishia, miezi minane bila kukosa siku. Ya ukimwi yenyewe, sista wa dispensary alituambia ukweli: dawa ziko ng'ambo, bei yake hata ukiuza shamba na ng'ombe hufiki.

Sasa sikieni vile Wangechi alifanya. Nyumbani hakukuwa na saa. Akasema dawa yake ni ya lori. Akisikia lori ikipiga honi kule kwa kona, anameza, anatia tick kwa kadi ya kliniki na penseli, ndio anabeba mtungi. Kuna siku ya mvua alianguka kwa matope, maziwa yote ikamwagika. Boksi ya siku hiyo kwa kadi iko na tick, na alama ya tope juu yake.

Alipomaliza TB, tukasikia wageni wa mradi wanakuja Nyeri kuchukua maoni ya wananchi. Sista akaniambia nijaze nafasi ya vijana wa Naro Moru. Wangechi akanipa kadi. "Nenda nayo. Usiende kukula mandazi tu."

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mbele alikaa mshauri mmoja mzungu, mrefu, mpole kusema kweli, na kijana wa tai kutoka Nairobi akitafsiri. Maoni yetu walikuwa wamekuja nayo yakiwa tayari yamechapwa. Mabango, semina, redio. Ya wagonjwa hakuna.

Sista akauliza: na wale wameshaugua?

Yule wa tai akatafsiri jibu. "Anasema dawa hizo zinamezwa kwa saa, kila siku, bila kukosa. Watu wa mashambani wengi hawana saa. Wakikosa, ugonjwa utazoea dawa. Kwa hivyo pesa ya dunia iende kwa kinga."

Mzee mmoja wa Kianyaga akasema kwa sauti, "Kwani jogoo zetu zilikufa zote?" Ukumbi ukapasuka.

Mimi nikasimama. 

"Dadangu hana saa. Ana ng'ombe."

Nikampelekea mzungu kadi. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwa kila boksi, miezi yote minane. Akafika kwa ile ya tope, akaikwaruza kidogo na ukucha.

Halafu akasema, hii ni TB, si ukimwi.

"Lakini anayemeza ni huyo huyo mmoja."

Akasema bei hapangi yeye, na uamuzi haufanyiwi hapa.

"Basi unafanyiwa wapi? Mimi ni porter, nipeleke huko nikubebee hata begi." Watu wakacheka, lakini mimi sikukaa. "Ama uandike hapa, sasa, kwamba tumekuonyesha kadi haina boksi tupu. Halafu utusomee."

Kijana wa tai akanivuta shati. "Kaa chini bwana, unatuaibisha."

Sikukaa. Mzungu akaandika. Akasoma. Ndio nikakaa.

Ilibadilisha nini? Dawa kubwa hazikuja. Lakini baada ya miezi, sehemu ya pesa ya mabango iligeuzwa kuwa mikoba ya kuhudumia wagonjwa nyumbani: Septrin ya kuzuia magonjwa nyemelezi, glavu, maji ya chumvi na sukari. Septrin ya Wangechi ilitoka kwa mkoba huo, na akaimeza kwa honi ya lori, kila siku, karibu miaka tatu.

Alituacha kabla dawa zenyewe zifike. Zilipofika, wale wa kijiji waliozipata walizimeza kwa saa ya kukamua ng'ombe. Wako hai, wengine ni nyanya.

Kinga ilikuwa muhimu, sibishi. Funzo langu ni kwamba ukitaka kuamulia mtu mgonjwa, mwangalie kwanza vile anaamka. Na mimi pia nilikosea, nilichora kabla ya kuangalia.

Lile bango nilipaka upya kwa mikono yangu. Nikachora mwanamke na mtungi wa maziwa, meno yote yako.

Guide nikawa, na kofia niko nayo. Ndani yake nimeshonea ile kadi.

Kama wewe ulimwuguza mtu miaka ile, ama ulikaa upande wa meza ya kuamua, hebu weka yako hapa chini. Nasoma zote, hata za kunitukana.