Kipimo cha Mabibo

Nakumbuka siku moja, msimu wa mabibo umekwisha Chanika kote, nami nina miaka kumi na tisa na sisikii la mtu. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Shangazi Tatu, aliyenilea mimi na kaka yangu Selemani, alikuwa akipika gongo ya mabibo kwa kificho, maana ilikuwa marufuku. Sijivunii, mwanangu, lakini ndiyo iliyotuvisha.

Shangazi alikuwa na sheria moja. Gongo ikianza kudondoka kwenye mrija, kikombe cha kwanza kinamwagwa. "Hicho kina ubaya," alisema, na hakueleza zaidi. Mimi nikaona nimeshahitimu.

Basi Shangazi akaenda msibani Pugu. Selemani alikuwa fundi wa kupiga vanishi Temeke, akaja na debe la spiriti ya kazini. Kwamba ina sumu, kila mtu alijua.

"Kaka, niachie niipike upya," nikamwambia. "Mabibo yanataka kumwagwa kikombe kimoja. Hii nitamwaga vitatu, sumu yote itoke."

"Una hakika, Zena?"

"Kwani mie mgeni wa mtungi?"

Nilikisia, mwanangu. Sikuwa na hakika hata chembe. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila hakikuwa kichwa changu. Nikamwaga vikombe vitatu, iliyofuata ikatoka safi, haina hata harufu mbaya. Selemani akanywa bilauri mbili mchana ule akanisifu, nami nikafurahia zile sifa, Mungu anisamehe.

Asubuhi nikamkuta amekaa kitandani, jua limejaa chumbani.

"Zena, fungua dirisha basi. Mbona giza?"

Dirisha lilikuwa wazi.

Shangazi alirudi siku hiyohiyo. Hakunipiga, na laiti angenipiga. "Nani kakwambia spiriti na mabibo ni kitu kimoja?" aliniuliza. "Kipimo cha mabibo ni cha mabibo. Sumu ya spiriti haitangulii ikaisha, inapanda na pombe yenyewe mpaka tone la mwisho. Mie nimeshazika mtu kwa hilo. Ungeniuliza, mwanangu." Kisha akalia, akasema naye angenieleza mapema.

Majuto ni mjukuu. Selemani aliishi miaka mingi vile, watoto wake akawajua kwa kuwapapasa nyuso. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniliza mpaka leo.

Nakueleza haya kwa kuwa jana umeniambia kazini kwenu mnachora mtambo wa kutenganisha spiriti za namna namna, na kuna mchanganyiko mmoja hamjaupima, ukaazima hesabu za mwingine "unaofanana nao". Nilishtuka. Mimi si msomi, lakini hilo neno "unaofanana" nalijua vizuri. Sikukatazi kukisia, maana hata mpishi hukisia chumvi. Ila ukikisia, sema waziwazi kwamba umekisia, kisha upime kabla mtu hajatumia. Na kama yupo aliyekwisha kuipika kazi hiyo, mfuate umuulize, hata akikucheka. Kuuliza si ujinga.

Haya, nenda kazini. Mungu akukinge na majuto ya namna yangu. Akupe ulimi mwepesi wa kusema "sijui", na akujaalie uliseme mapema, kabla anayekupenda hajakuamini.