Mjane Aliyepewa Pole ya Dada

Bi Pasi na Fundi Mvuke waliishi kama mke na mume tangu ujana wao, na kazini hakuna aliyejua. Msije mkadhani ni mambo ya hawara! Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako mke alipiga pasi mashuka na mume akaangalia tangi la mvuke, wanandoa hawakuruhusiwa kufanya kazi pamoja. Mmoja angeondolewa, na huyo mmoja angekuwa nani kama si mwanamke? Basi walipoomba kazi walisema ni ndugu, mtu na dada yake. Ndoa hawakuiandikisha popote. "Tutaiandikisha nikistaafu," Fundi alikuwa akisema. Thubutu! Kifo hakina miadi na mtu. Alianguka bafuni asubuhi moja, basi tena.

Kazini wakampa Bi Pasi pole ya kufiwa na kaka. Akaipokea.

Sasa mfuko wa pensheni humlipa mjane, haumlipi dada. Na mshahara wa kupiga pasi peke yake hautoshi hata kodi ya chumba. Karani wa mafao, kijana mpole mwenye mafua yasiyokwisha, alimwambia, "Mama, cheti cha ndoa huna. Niletee basi mtu anayewajua vizuri, anieleze mliishije."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu: Mama Povu, mfuaji, rafiki yake wa kufa na kuzikana, domo kaya lakini roho safi. Na hapo ndipo penye tabu. Mama Povu, mjane wa siku nyingi, alimpenda Fundi, tena bila kificho. "Wifi, nifikishie salamu kwa kaka yako," alikuwa akimwambia Bi Pasi kila jioni. Bi Pasi alizifikisha, na mke na mume wakacheka kitandani hadi mbavu zikawauma.

Atamwambiaje leo? Njia nzima mdomo ulikuwa mzito. "Wewe mweleze tu tulivyoishi," ndiyo kauli pekee iliyomtoka. Mtu mzima ovyo! Ukimficha shahidi wako ukweli, unategemea aseme nini?

Mama Povu akaketi mbele ya karani, mkoba mapajani, akaanza kwa sauti ya kutetea. "Hawa ni ndugu wa damu, tumbo moja. Hata pua zao zilifanana! Mlipe, mwanangu. Huyu alimtunza kaka yake kuliko mke."

Karani akaweka kalamu chini.

"Hapana," Bi Pasi akasema. "Alikuwa mume wangu."

Mama Povu alicheka kwanza, akidhani majonzi yamemvuruga mwenzake akili. Kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamkauka.

"Na salamu zangu?"

"Nilizifikisha."

"Na nyie mkinicheka."

Bi Pasi angeweza kudanganya. Mazoezi alikuwa nayo. "Tulikucheka," akasema. "Nisamehe."

Machozi ya hasira yakamtoka Mama Povu. Aliinuka, akafika mlangoni, akashika kitasa. Lakini akarudi, na bila kukaa akamgeukia karani.

"Andika. Nimefika kwao mara nyingi. Chumba kimoja, kitanda kimoja. Nikaambiwa kaka analala kwenye kochi, na kochi lenyewe la watu wawili, na yule bwana mrefu kama ngazi! Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Alikuwa mumewe. Lete nitie sahihi."

Akatia sahihi, akatoka. Bi Pasi alimfuata mbio, akamkuta kwenye ngazi, akamshika mkono.

"Mwenzangu..."

Mama Povu aliutoa mkono wake taratibu. "Wewe sasa utapewa pole ya mjane, na pensheni juu," akasema. "Na mimi niliyefiwa naye, nani atanipa pole?"