Mvinje Uliokatwa Mapema

Enzi zetu Krismasi haikufuata kalenda, ilifuata likizo ya baba. Baba alikuwa mpishi wa hoteli kule Galu, na wageni wakijaa yeye hatoki. Basi wenzetu wa kanisani walikula pilau wakamaliza, sisi tukingoja mpaka mwaka mpya upite.

Sisi ni watu wa bara tuliopewa shamba huku Msambweni, na jirani yetu Babu Hamisi alipanda mivinje ya kuuza kwa wajenzi. Krismasi haikuwa yake, lakini mvinje wetu wa kupamba aliujali kuliko sisi. Kila Desemba mama alimlipa, mimi nikaachiwa kuchagua. Nilizunguka shamba lile asubuhi nzima, huu umepinda, ule kichwa chembamba, mpaka babu akaanza kuguna. Nikishapata wangu niliufunga kitambaa cha leso, ukabaki umesimama hadi baba arudi. Mvinje ukikatwa kwenye joto letu, siku tatu ni nyingi, majani yake membamba yanapukutika.

Mwaka mmoja baba alitutumia ujumbe kupitia mwenzake wa kazini kwamba mara hii atakula Krismasi nyumbani. Nilikimbia kwa Babu Hamisi, hata shikamoo niliitoa nikihema.

"Ngoja umwone kwanza," aliniambia.

Nikashupaa. "Baba amesema anakuja, babu."

Akaukata.

Krismasi ikafika, baba hakufika. Kesho yake vilevile. Mti niliutia kwenye ndoo ya maji, nikaunyunyizia, nikaufunika kwa shuka jua lisiuone. Wapi! Kila nilipofagia niliokota majani makavu. Nilijiambia mti ukiisha kabla baba hajaja, basi haji tena, na kosa ni langu. Mama alikaa akitazama barabara, akisema, "Atakuja tu," kwa sauti ambayo haikunisaidia kitu.

Alikuja mwaka mpya ukiwa na siku nne, amekonda uso. Nilijificha nyuma ya mlango nikilia. Akautazama mti, vijiti vitupu na maputo mawili, akaketi chini kando yake bila hata kuvua viatu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimekungojesha."

Tukala Krismasi yetu pale pale chini.

Siku hizi hapa Ukunda mti unatoka kwenye boksi, plastiki tupu, na vijana wanaupiga picha kabla haujasimama sawa. Hauchaguliwi, haunyunyiziwi, haukauki. Kazi ya hoteli nimeirithi mimi, na mwaka jana niliingia nyumbani wageni walipokwisha kuondoka. Mti ulikuwa kijani, taa zinawaka. Wanangu waliinua macho kutoka kwenye simu, wakasema, "Shikamoo mama," wakayarudisha. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu, nikatamani ningeukuta umekauka.