Boti Yenye Jina la Evodia

Hezekia hakuwa mtu wa wivu mpaka alipooa. Ndivyo alivyojieleza mwenyewe, na pale Tulya, ufukoni mwa Ziwa Kitangiri, hakuna aliyembishia. Kabla ya kuoa angemwonea nani wivu? Alikuwa na mtumbwi wa kasia, nyavu kuukuu na mbwa mmoja mvivu. Kisha akamwoa Evodia, mjane wa Stefano, na tangu siku hiyo akawa anaishi na marehemu nyumba moja.

Si kwamba Evodia alimtaja sana. Kijiji ndicho kilichomtaja. Kisimani na sokoni walimwita Mama Editha, na Editha ni binti wa Stefano, yuko shule Kiomboi. Hezekia na Evodia walijaliwa mtoto wao, Pendo, lakini jina la Mama Pendo liliitwa na mtu mmoja tu duniani. Hezekia aliliita kwa sauti, hata mbele ya wageni, kama mtu anayepigilia kigingi cha mpaka kwenye shamba lenye ugomvi.

Mwaka huu alizeti ilikubali, wakaamua kuachana na kasia. Clement, dalali wa vyombo vya majini, alikuwa na boti mbili zilizotumika, zimelazwa kwenye mchanga zikisubiri mnunuzi. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya faiba, imetoka Mwanza, na mashine yake ya nguvu ya farasi arobaini iling'aa kama sufuria ya harusi. Ya pili ilikuwa ya mbao, rangi ya kijani iliyochujuka, mashine yake farasi kumi na tano. Kifuniko cha mashine kilikuwa na mkwaruzo mrefu, kama uliopigwa na chui. Na ubavuni, kwa herufi nyeupe za mkono wenye subira, iliandikwa EVODIA.

Stefano ndiye aliyeiunda. Alipofariki, ndugu zake waliiuza kwa mvuvi wa ng'ambo, upande wa Shinyanga. Mvuvi yule sasa amezeeka, na boti imerudi nyumbani kama ng'ombe anayejua zizi lake. Jina hakulifuta.

Hezekia alilisoma mara moja tu, akaigeukia ile nyeupe.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya tajiri mmoja," Clement akasema. "Haijavuta hata wavu. Alikuwa anatembelea tu siku za Jumapili."

"Tajiri gani?"

"Kaka, tajiri akishauza hana jina."

Rahabu, aliyekuwa anakaanga samaki hatua chache kutoka pale, akainua kichwa kwenye moshi. "Shemeji Hezekia! Mbona hiyo ya kijani huigusi? Unaogopa kumpanda mkeo mchana?"

Ufuko mzima ukacheka. Hezekia naye akacheka, kwa meno tu.

Jioni, wakila ugali wa uwele na mlenda, Evodia alisema bila kuulizwa.

"Baba Pendo, ile nyeupe mashine yake ina mguu mrefu. Kiangazi ziwa letu linabaki tope, itapita wapi? Ya kijani naijua. Asubuhi ya baridi inaringa kuwaka, lakini ikishawaka haikuachi njiani. Iliwahi kuzama mara moja, ikafunguliwa siku ileile, ikakaushwa. Plagi ya juu inapenda masizi, uisafishe kila wiki. Na oili usiipunje, inakasirika."

Mnunuzi mwingine angeshukuru Mungu. Ni nani anayenunua mashine kuukuu akaambiwa mpaka magonjwa yake ya utotoni? Lakini Hezekia katika maneno yote yale alisikia neno moja: Stefano, Stefano, Stefano, ingawa Evodia hakulitamka.

"Unaijua sana," akasema.

"Naijua."

"Basi mwenye nayo ulikuwa unamjua zaidi."

Evodia akaweka tonge chini. "Nilikuwa mke wake, Baba Pendo. Ulitaka nimjue jirani?"

Asubuhi Hezekia akaijaribu ile nyeupe, Clement akiwa naye ndani. Loo, ilinguruma! Ikapasua maji, ndege wakaruka, na Hezekia akaketi nyuma kifua mbele akijiona mtu mpya asiyemrithi mtu. Kisha wakarudi kwenye maji mafupi. Mguu wa mashine ukachimba tope, boti ikayumba, na ule mkondo mwembamba wa maji ya kupooza, ambao wavuvi wakiuona husema mashine inakojoa, ukakatika. Clement akaizima haraka kabla haijaungua. Wakashuka, tope mapajani, wakaisukuma boti mpaka nchi kavu.

"Shikamoo, tajiri!" Rahabu akapaza sauti.

Hata hivyo Hezekia akajifuta tope, akasema, "Naichukua hii."

Clement, ambaye kazi yake ni kuuza chochote kwa yeyote, alimtazama kwa huruma kidogo. "Sawa kaka. Basi ile ya kijani namkabidhi mtu wa Igunga, anaifuata leo. Anasema jina ni zuri, hatalibadili."

Hapo wivu ukamgeukia Hezekia upande mwingine, kama moto wa nyika upepo ukibadilika. Kumbe kuna mtu wa Igunga! Atalizunguka ziwa zima na jina la mke wake. Vijana watasema, Evodia ametoboka, Evodia anahitaji kupakwa lami. Kuwa nayo hakuweza. Kuiacha nako hakuweza.

"Ngoja kwanza," akasema. "Niijaribu."

Wakaisukuma majini. Hezekia akashika kamba ya mashine akaivuta. Kimya. Akavuta tena kwa nguvu, na tena kwa hasira, mpaka bega likamlilia na shati likamganda mgongoni. Mashine ilitoa kikohozi kimoja kidogo, kama mkwe anayekukumbusha kwamba bado yupo.

"Usiivute hivyo."

Evodia alikuwa amesimama majini, Pendo mgongoni. Akapanda. "Vuta polepole mpaka ikushike mkono. Iache irudi. Ndipo uvute."

Hezekia akafanya alivyoambiwa, na kila kidole chake kilijua kinafuata vidole vya nani. Mashine ikawaka. Clement akabaki ufukoni, wao wakaondoka, boti ikielea juu ya maji yale yale mafupi kama jani, mkojo wa mashine ukitoka safi.

Walipofika mbali, asikoweza kusikia Rahabu, Hezekia akauliza lililomkaba. "Alikufundisha yeye?"

"Stefano? Hakunifundisha kitu. Nilikuwa namchungulia."

"Kwa nini?"

"Wivu!" Evodia akasema, na sauti yake ikawa kali kana kwamba mambo yenyewe yalitokea jana. "Akitoka ziwani anaketi na hii mashine mpaka ugali unapoa. Anaifuta kwa kanga yangu. Kanga yangu, Baba Pendo! Ikikohoa, anaamka kuitazama. Mimi nikikohoa, anageukia ukutani. Mke mwenza unamjua kuliko mume anavyomjua. Unajua anapoumwa, unajua akiamka vibaya, unaomba siku moja azame. Ilipozama nilifurahi."

Hezekia akautazama ule mkwaruzo kwenye kifuniko. "Na huyu chui?"

"Ni mimi. Kwa jembe."

"Na jina?"

"Aliliandika kesho yake, kuniomba msamaha. Nikamwambia, badala ya kumfukuza mwenzangu umempa jina langu."

Hezekia alicheka mpaka Pendo akaamka. Hakupona siku ile. Wivu si homa ya kumezewa vidonge. Lakini mtu wa Igunga alipofika alikuta boti nyeupe tu, na Clement akaanza kumsimulia habari za tajiri wa Jumapili.

Siku ya kwanza Hezekia aliporudi na samaki, mashine ilikohoa kidogo ikikaribia ufuko. Akaisikiliza. Akafungua kifuniko, akainama, akatoa kitambaa mfukoni. Alipoinua macho alimwona Evodia amesimama kwenye njia ya shamba, Pendo mgongoni, jembe begani, anamtazama.

Pengine alikuwa anatoka kulima tu. Hezekia hakungoja kuuliza. Alirudisha kifuniko, akaiacha mashine na kikohozi chake, akaenda nyumbani kula ugali ungali wa moto.