Jogoo wa Kumshukuru Tajiri

Majuzi pale Kigongo, tukisubiri kivuko, wanachuo wawili wa ualimu walikuwa wakibishania hadithi ya katuni gazetini. Jambazi mzee anamfundisha kijana kazi yake. Polisi wakija, anamficha darini.

"Anampenda kama mwanawe," alisema mmoja.

"Wapi! Kijana akikamatwa atamtaja. Mzee anajilinda mwenyewe."

Mama aliyepakata jogoo akainamia zile picha. "Samahani wanangu. Mwanangu yuko ng'ambo ya ziwa, anafundishwa biashara ya dhahabu. Juzi polisi walipomsaka, tajiri wake alimficha. Ndiyo nampelekea huyu jogoo, kumshukuru." Akawa anampapasa jogoo shingoni. "Sasa huyo mzee atamficha kijana mpaka lini?"

Yule aliyesema mzee anajilinda alikunja gazeti haraka. "Hii ni katuni tu, mama."

Kivuko kikatia nanga. Sisi wasomaji tutanunua toleo lijalo tujue nia ya mzee. Mama wa watu anakwenda kumkuta mzee wake, yule tajiri, akiwa hai, sebuleni, na lazima amwamkie kwa tabasamu. Nilidhani atarudi nyumbani. Alipanda, jogoo kambana kifuani mpaka ndege akalia, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Kama anajilinda mwenyewe, jogoo mmoja hatoshi kumlinda mwanangu."